Kona Aliyoipoteza Mabula

Sitaki kujitetea. Ukiwauliza watu wa Shinyanga habari za asubuhi ile, watakwambia maneno mabaya kuliko yote yalitoka kwa Selestine, fundi cherehani, kwa sababu Selestine ndiye mwenye sauti. Si kweli. Maneno mabaya kuliko yote niliyasema mimi, Limi binti Maganga, nikiwa na birika la chai mkononi, na niliyasema kumhusu mwanamume niliyekuwa nikimpenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa hamsini na tano, siku moja tu baada ya kumalizika mashindano makubwa ya riadha ya majimbo yote. Mwaka ule yaliletwa kwetu, na mji ulijaa wageni hadi watu wakalala kwenye mabenchi ya stesheni. Hoteli ya shangazi yangu, Mama Klara, ilikuwa ng'ambo tu ya reli: chumba kimoja, meza nne, na jiko nyuma ya pazia la gunia. Mimi nilihudumia mezani. Shangazi alikuwa jikoni anakaanga maandazi, na pamoja naye alikuwepo mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka kijijini tangu Ijumaa, eti kununua chumvi.

Mabula alikuwa kijana wa Songwa, mfanyakazi wa mgodi wa Mwadui, na kwa miezi minane alikuwa wangu. Kila Jumapili alikimbia kutoka Mwadui hadi mjini, miguu mitupu, akaingia hotelini na vumbi hadi kwenye nyusi, akanywa vikombe viwili vya chai, akaondoka. Wenzake walisema anafanya mazoezi. Mimi nilijua anafuata nini, na yeye alijua kwamba najua. Alikuwa na namna ya kunitazama juu ya kikombe, akinywa polepole ili chai isiishe, hadi nikasahau nani aliagiza nini.

Nyumbani jambo letu lilikuwa limekwama kwa mtu mmoja. Baba aliposikia alisema, "Muulizeni mama yake," akarudi kwenye ng'ombe wake. Mama naye akasema hataki hata kumwona huyo mtu. Ng'ombe hana, baba yake alishakufa, na kazi anayojulikana nayo ni kukimbia wakati hakuna anayemfukuza! Mabula aliniomba nisibishane na mama. "Nikishinda maili tatu," aliniambia, "zawadi ni baiskeli, na mshindi anapelekwa Nairobi. Hapo mama atanisikiliza." Kwa hiyo kwangu mbio zile hazikuwa za Mwadui wala za jimbo letu. Zilikuwa ndoa yangu, na nilikwisha kuwatangazia watu wote wa stesheni kwamba atashinda.

Hakushinda. Nilikuwa nimesimama karibu na utepe. Aliongoza mizunguko minane mfululizo, akaingia kona ya mwisho akiwa mbele hatua sita. Kule ng'ambo vumbi na watu vilinizuia kuona. Walipotokeza tena, Gregory, mwalimu kutoka Mwanza, alikuwa bega kwa bega naye, na kwenye utepe Gregory akatanguliza kifua. Watu walionizunguka hawakumtazama mshindi. Walinitazama mimi, na nikatamani ardhi ipasuke.

Sasa hiyo Jumapili asubuhi ndiyo Selestine na wenzake wakaja kunywa chai.

"Limi, niletee vikombe vitatu vitupu," Selestine aliita. "Nataka kumsomesha karani."

"Usinisomeshe," alijibu Donatus, karani wa stesheni, aliyekuwa ameketi mbele yake na karatasi iliyojaa tarakimu. "Mimi nilikuwa na saa. Wewe ulikuwa na mdomo tu."

Hoteli ikacheka. Selestine hakujali. Alichukua kibakuli cha chumvi akachora duara refu juu ya meza, kama ile mistari ya chokaa ya uwanjani.

"Chumvi yangu!" shangazi alipiga kelele kutoka jikoni.

"Nitaizoa, Mama Klara. Haya. Kikombe hiki cha bluu ni Mabula. Cheupe ni Gregory. Hiki chenye ufa ni wale wengine, tuwaache, walikuja kutalii. Mzunguko wa nne Mabula anatangulia. Kwa nini?"

"Kwa sababu hana akili," alisema Donatus. "Upepo wa mwezi wa nane unakupiga usoni ukitoka upande wa reli. Mwerevu anakaa nyuma ya mwenzake. Mwenzake anapigwa upepo, yeye anapumzika. Gregory alipumzika mizunguko minane nyuma ya mgongo wa Mabula, bure kabisa."

"Hapo ndipo usipojua mbio. Gregory ana miguu ya mwishoni. Ukimwacha apumzike mpaka kengele ilie, amekumaliza. Mabula hana miguu ya mwishoni, ana pumzi. Mwenye pumzi lazima atangulie mapema amchoshe mwenzake. Na alimchosha! Mzunguko wa kumi na moja Gregory alikuwa anatikisa kichwa kama mbuzi mwenye kupe."

Donatus aliangalia karatasi yake. Alikuwa mtu wa haki, hata pale haki ilipomuuma.

"Ni kweli," alisema. "Wa kumi na moja, Mabula sekunde sabini na tano. Gregory sabini na saba. Mbio zilikuwa zimekwisha."

"Zimekwisha! Sasa niambie hili." Selestine alikisukuma kikombe cha bluu juu ya chumvi hadi kwenye kona, halafu akakitoa nje ya mstari, mbali, hadi ukingoni mwa meza. "Mtu yuko mbele. Hakuna aliyemgusa. Anafika katikati ya kona, anaacha mstari wa ndani, anatoka nje hadi kwenye majani, anapunguza mwendo, kichwa chini. Gregory anapita ndani, njia nyeupe. Hiyo ni mbinu gani?"

"Kichomi, labda."

"Mwenye kichomi anashika ubavu. Huyu alifunika uso kwa mkono. Niliona kwa macho yangu."

"Basi alikosea hesabu ya mizunguko."

"Na kengele je? Hata viziwi waliisikia."

"Pale kamba ya kuzuia watu ilikuwa imekatika," Donatus alisema, akikuna kidevu. "Watu walijaa hadi mstarini. Labda aliogopa kumgonga mtu."

"Watu wote walikimbia waliposikia miguu. Alibaki mama mmoja tu wa shamba, ameduwaa kwenye mstari, na nafasi ya kupita ubavuni mwake ilikuwepo tele. Hata wewe na tumbo lako ungepita."

Jikoni kitu cha bati kilianguka. Nilidhani ni sufuria, sikugeuka.

"Kwa hiyo mbinu hakuna," Selestine alisema, akishusha sauti kwa namna yake, ile inayosikika hadi ng'ambo ya reli. "Aliuza. Alhamisi jioni niliwaona yeye na Gregory hapo nje, wanagawana muwa na kuchekeana."

"Kugawana muwa si kosa," alisema Donatus, lakini kwa unyonge.

"Tumuulize mwenyewe basi. Dada Limi! Wewe ndiye uliyetutangazia kwamba baiskeli imekwisha kupatikana. Hakukwambia mbinu yake?"

Hoteli nzima ikanigeukia. Wako waliocheka chini chini, na wako walionionea huruma, na hao wenye huruma ndio walioniunguza zaidi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ningeweza kusema sijui, na hiyo ingekuwa kweli. Ningeweza kusema nitamuuliza. Lakini aibu ikikupanda kichwani huchagui neno, unaokota lililo karibu, na lililokuwa karibu nami lilikuwa chafu.

"Msiniulize mimi," nilisema, tena kwa sauti. "Mtu anayeuza mbio zake atauza hata mke wake. Mimi simjui mtu wa namna hiyo."

Walicheka. Halafu kicheko kikaanza kufa, kikianzia upande wa mlangoni.

Mabula alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa na blanketi jipya kwapani, zawadi ya mshindi wa pili, na miguu yake ilikuwa na vumbi kama siku zote. Alinitazama. Nilizoea macho yale yanifuate mezani, yanicheke, yaniombe. Asubuhi ile hayakuniomba chochote.

"Shikamoo, Mama Klara," alisema kuelekea jikoni.

"Marahaba, mwanangu," shangazi alijibu nyuma ya pazia, kwa sauti ya ajabu, kama mtu aliyeshikwa mkono asitoke.

"Limi, njoo nje kidogo."

"Sema hapa hapa," nilimjibu. Nilikuwa nimekwisha kuanza, na sikuona njia ya kurudi nyuma. "Hawa wote wanataka kusikia. Kwa nini ulitoka kwenye mstari?"

Alitazama miguu yake.

"Siwezi kusema."

"Hapa huwezi, au popote?"

"Popote."

"Basi ni kweli."

"Wewe unaamini hivyo?" aliniuliza, taratibu kabisa. "Hawa waache. Nakuuliza wewe."

Laiti ningenyamaza! Moyo wangu ulisema hapana, huyu hawezi. Lakini Selestine alikuwa ananitazama, na Donatus, na wasafiri wa Mwanza ambao kesho wangeipeleka habari hii mbali.

"Naamini walichokiona watu," nilisema. "Na hilo blanketi mpelekee Gregory, mgawane kama mlivyogawana muwa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mabula aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea salamu.

"Nimesikia," alisema. "Kuna lori linakwenda Geita saa sita, linachukua watu wa mgodi wa dhahabu. Alfajiri nilikwenda kuandikisha jina, maana hapa sasa kila mtu ananinyooshea kidole. Nilikuja kukuuliza kama utanisubiri." Akatazama vikombe vitatu juu ya chumvi, akaelewa ni nini. "Basi hakuna haja ya kuuliza."

Akaenda zake. Nilisimama na birika langu, chai inamwagika juu ya mguu wangu, na sikusikia moto.

Nilipoingia jikoni nilitaka kulia peke yangu, lakini nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani. Shangazi alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Mwambie, wifi," shangazi alisema. "Mwambie sasa, au nitamwambia mimi."

"Mama, kuna nini?"

Mama hakugeuka. Alizungumza kwa Kisukuma, polepole, na sijawahi kumsikia na sauti ndogo vile.

"Yule mama wa shamba aliyeduwaa kwenye mstari," alisema, "ni mimi."

Sikuelewa.

"Sikuja kununua chumvi. Nilikuja kumwona. Nilisema moyoni, kabla sijamkataa kabisa nimtazame mara moja, kwa mbali, bila yeye kujua wala wewe kujua. Nikaenda kusimama kule ambako hakuna mtu wa kwetu. Watu wakasukumana, kamba ikakatika, nikajikuta niko mbele. Wenzangu wakakimbia, mimi miguu ikagoma. Akaja. Akaniona. Limi, ng'wanone, mwanangu, akaniachia njia."

Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia, huinamisha kichwa na kuficha uso, hata kama pembeni ni miiba, mpaka mama apite. Mtoto mdogo analijua hilo. Lakini nani angefikiri kwamba mistari ya chokaa ya mashindano ya majimbo ni njia, na kwamba mtu aliyebakiwa na kona moja tu apate baiskeli ataiona kuwa njia?

"Alinijuaje?" mama aliuliza ukuta. "Hajawahi kufika kwetu."

Nilijua. Mwezi wa sita, mnadani, nilimwonyesha kwa kidole: yule mwenye kaniki na shanga nyeupe, ndiye mama. Mabula aliruka nyuma ya ng'ombe wa watu akajibanza huko mpaka mama akaondoka. Nilimcheka hadi machozi yakanitoka. Nikamwambia, wewe, hata hujaposa! Akanijibu kwamba yeye moyoni alikwisha kuposa siku nyingi.

"Sijapokea kwake ng'ombe hata mmoja," mama alisema. "Nimemkataa mbele ya ndugu zako wote. Na yeye ananipa heshima yangu mbele ya Tanganyika nzima, anapoteza mali yake, na hasemi. Tangu jana natafuta namna ya kukwambia. Nimeshindwa kwa aibu."

"Lakini ulikuwa hapa!" nililia. "Ulinisikia nikimtukana! Pazia tu lilikuwa katikati yetu. Kwa nini hukutoka ukasema?"

Hapo ndipo mama aligeuka. Alinitazama kana kwamba nimepoteza akili.

"Nitoke nikasimame mbele ya mkwe wangu?"

Shangazi akaangusha mwiko. Neno lilikuwa limetoka. Mama mwenyewe alilisikia, akaweka kiganja mdomoni, lakini hakulirudisha. Na mimi, niliyelingoja neno hilo miezi minane, nililipokea nikiwa nimekwisha kumfukuza mwenye nalo.

Nilirudi mezani. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ndogo sasa. Nikasimama mbele ya Selestine.

"Fundi," nilisema, "ulitaka kujua mbinu. Yule mama aliyeduwaa kwenye mstari ni mama yangu mzazi. Mabula alikuwa anampisha mkwewe."

Hakuna aliyeuliza swali. Walikuwa Wasukuma wengi, na wasio Wasukuma walielezwa na jirani zao kwa kunong'ona. Donatus aliikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni. Selestine alianza kuizoa chumvi kwa ukingo wa kiganja, taratibu, chembe kwa chembe.

"Na mimi nimesema aliuza mbio," alisema.

"Wewe hukumwahidi kuwa mke wake," nilimjibu. "Mimi nilimwahidi."

Lori lilikuwa limesimama karibu na ghala la pamba, watu wamekwisha kupanda na mizigo yao. Nilikimbia bila viatu. Nyuma yangu nilisikia hatua nyingine, nikageuka: mama, na khanga ya shangazi kichwani, anakuja mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Mabula alikuwa ameketi juu ya bodi la nyuma. Aliniona akatazama pembeni. Halafu akamwona aliyekuwa nyuma yangu, na kabla sijafungua mdomo akaruka chini upande wa pili wa lori. Mama naye alisimama pale pale, hatua ishirini, akanipa mgongo mimi na lori na kila mtu. Kwa hiyo lori lote lilikuwa katikati yao, na abiria juu yake, na mimi peke yangu ndiye niliyeweza kwenda huku na huko.

"Mwambie," mama alisema akitazama reli, "nimekosa. Nilisimama mahali pasipo pangu."

Nililizunguka lori. Mabula alikuwa ameegemea gurudumu. Bila shaka alikuwa amesikia, mama hajui kunong'ona, lakini alingoja.

"Mama anasema amekosa," nilisema. "Anasema alisimama mahali pasipo pake."

"Mwambie mama njia ilikuwa yake," alijibu. Hakunitazama.

Nikarudi, nikasema. Juu ya lori vichwa viligeuka pamoja nami, vikageuka tena niliporudi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameacha hata kutafuna karanga zake.

"Muulize," alisema mama, "kama bado anamtaka binti yangu."

Nilipita mbele ya lori, mbele ya dereva aliyekuwa ameshika funguo na hawashi, na nilipofika kwa Mabula nikapiga magoti vumbini. Sikupanga.

"Mama anauliza," nilisema. "Anauliza kama bado unamtaka binti yake."

Alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu.

"Mwambie mama," alisema hatimaye, "binti yake alisema hanijui."

Kila jambo katika maisha yangu naweza kulirudia isipokuwa ile safari ya kulizunguka lori lile. Nilisimama nyuma ya mgongo wa mama, nikayasema maneno yangu mwenyewe kama ujumbe wa mtu mwingine.

"Anasema binti yako alisema hamjui."

"Alisema kweli?"

"Alisema, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi aende akaseme vingine mbele ya watu wote. Mimi si wa kusemewa hayo."

Nikarudi. Safari hii sikupiga magoti. Nilisimama ili waliokuwa juu wasikie vizuri, na machozi yalinitoka hata sikuyafuta.

"Huyu namjua," nilisema. "Ni Mabula wa Songwa. Hakuuza mbio. Alimpisha mama yangu, na hakutaka kumtia mtu mzima midomoni mwa watu, akakubali aitwe muuza mbio. Mimi nilimtukana kwa sababu niliona aibu kuchekwa. Niliijali aibu yangu kuliko yeye. Nimekosa, na nimekosa kuliko wote."

"Haya, kijana," alisema mzee mmoja juu ya mizigo. "Umesikia."

Mabula aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu pale kizingitini, na alinitazama wazi, bila kikombe cha kujifichia, kwa muda mrefu hadi nikakosa mahali pa kuweka mikono.

"Bado inauma," alisema.

"Najua."

"Maneno ya Selestine hayakunigusa. Ni yako tu. Yataniuma njia nzima mpaka Masumbwe."

"Na baada ya Masumbwe?"

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Hakutabasamu, lakini nilimfahamu mtu huyu, nikajua lilipokuwa linatoka lile tabasamu na nikajua kwamba halijafa.

"Nimekwisha kuandika jina Geita, siwezi kulifuta," alisema. "Mwambie mama, kabla ya mvua za kwanza wajomba zangu watafika kwake. Ng'ombe watakaokuwa nao watakuwa wachache. Mwambie hivyo hivyo, asije akashangaa. Na mwambie jibu langu ni ndiyo."

Dereva akawasha. Mabula akapanda, wakampokea kwa mikono, mzee akampisha mahali pa kukaa. Lori likaondoka, na kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu katikati, yeye akafunika uso kwa mkono na mama akazidi kugeukia reli. Nilisimama kati yao hadi vumbi likashuka.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

Alikuwa amesikia. Ghala zima la pamba lilikuwa limesikia. Lakini alisimama vile vile, amenipa mgongo, anangoja nimletee kama inavyotakiwa. Nikafungua mdomo. Furaha na aibu vilikuwa vimenikaba pamoja, hakuna neno lililotoka.

"Sema basi, ng'wanone," mama alisema. "Asubuhi si ulikuwa na sauti?"